Weupe Juu ya Jicho

Jumatano, 3 Agosti 1994

Maji ya ziwa yameshuka tena. Nguzo ya kupimia imesimama juu ya tope kavu, haipimi kitu. Mvua ya maana tumeisahau.

Nimemwona bata nisiyemjua. Dume, peke yake, upande wa matete ya kaskazini. Mwili ni wa bata wetu — mnene, wa kahawia, mkia mgumu. Lakini kichwa! Cheusi chote mpaka kooni. Madume wetu wana kichwa cheupe, ndiyo fahari yao, na mwezi huu midomo yao bado ya buluu. Huyu mdomo wake ni wa kijivu, kama kopo kuukuu.

Baldomero, mlinzi mwenzangu na rafiki wa mume wangu, aliangalia kwa darubini muda mrefu. Akasema huyo ni mgane, amefiwa na mkewe, amevaa msiba. Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akainama kufunga upya kamba ya mashua ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu.

Nilimwambia si kitu. Na kweli si kitu. Mume wangu Eulogio amekufa tangu Februari, trekta ilimlalia kwenye mteremko wa mizeituni, na tangu siku ile sisikii chochote. Si uchungu, si hasira. Ganzi tu, kama shavu baada ya kung'olewa jino. Nakula. Nalala. Naenda kazini.

Mgane. Jina limeshika.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimempigia simu Daktari Lisardo, Seville. Yeye ndiye anayesimamia hesabu na usalama wa bata hawa upande wetu wote. Nikamweleza. Akauliza kama ni chotara. Nikasema sijui.

"Bi Sagrario," akasema, "ukisema wewe hujui, mimi silali."

Atakuja. Hataki kuamua kwa simu. Wale bata wa Amerika waliotoroka kwenye bustani za matajiri huko kaskazini wameshafika mpaka kwetu, na wanapanda majike wetu. Watoto wanatoka wazima, wana nguvu, wanazaa. Hapo ndipo penye balaa. Bata wetu ni wachache, wamejibana kwenye haya maziwa machache ya chumvi, na damu yao itayeyuka polepole mpaka siku moja tuangalie tusimwone hata mmoja. Kwa hiyo amri ni moja: chotara akithibitika, apigwe risasi. Mpigaji ni mimi. Baba alinifundisha bunduki hapa hapa, enzi tulipokuwa tunawala.

Joto. Jasho limenichora shingoni tena, mstari mweusi. Rangi ya sare.

Sare mpya bado haijaja kutoka ofisini. Nimeacha kuuliza. Siku iliyofuata mazishi mama mkwe aliweka sufuria kubwa uani akachovya kabati langu zima, kama inavyofanywa kwa mjane. Magauni, sweta, soksi, aproni. Na sare zote mbili za kazi, hakutazama. Nilirudi kutoka kwa padri nikakuta serikali nzima inachemka kwenye rangi nyeusi, nembo na kofia vikiwa juu juu. Baldomero aliponiona alifanya saluti akauliza mimi ni wa jeshi gani. Kijani ile imekuwa rangi ya tope la usiku. Bata hawakujali.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira. Bendi imepita chini ya dirisha letu. Waliofiwa hawatoki. Mama mkwe alifunga mapazia yote upande wa barabara na tukakaa gizani tukisikiliza tarumbeta. Alisinzia. Mimi nilimenya viazi ambavyo hakuna aliyevitaka.

Alhamisi, 18 Agosti

Lisardo amekuja. Amekonda, pua imebabuka kwa jua, sigara haimtoki mdomoni. Alikaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege asubuhi nzima akimwangalia Mgane kupitia tundu, akiguna.

Kisha akatuambia. Huyu anaweza kuwa chotara. Anaweza pia kuwa wetu kabisa, dume wa mwaka wa kwanza. Vijana wengine huvaa kichwa cheusi mwaka wao wa kwanza, hakuna ajuaye kwa nini, basi tu ndivyo ujana wao ulivyo. Mdomo ungesaidia: wa bata wetu huvimba shinani kama aliyepigwa ngumi, wa Mmarekani umelala chini. Huyu wake umevimba nusu. "Nusu," Lisardo akasema. "Kila kitu chake nusu. Utadhani ananifanyia makusudi." Chini ya mkia pangesaidia zaidi. Mmarekani ni mweupe pale chini, wetu ni kahawia. Lakini Mgane mkia ameulaza majini muda wote, hauinui.

Iliyobaki ni manyoya mapya. Ameanza kujinyonyoa. Ya zamani yanaanguka, hata ya mabawa, kwa hiyo sasa hivi hawezi kuruka. Yatakapoota mapya usoni tutajua. Mmarekani weupe wake ni wa shavuni tu, unaishia chini ya jicho. Wetu weupe unapanda, unapita juu ya jicho mpaka kwenye paji la uso.

"Sasa hana mabawa," Lisardo akasema. "Ukimpiga leo, humkosi. Tukisubiri manyoya yaseme, mabawa nayo yanarudi. Siku yoyote anaondoka, anatafuta ziwa lingine, na kama ni chotara mwakani tunasaka watoto wake na wajukuu."

"Na kama ni wetu?"

"Basi tumeua dume mzima kijana. Nami sina madume wa kumwaga."

Akanigeukia. Akasema mimi ndiye ninayemwona kila siku, nitamke mimi. Nikasema tusubiri. Sikuwa na sababu. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya kutoka likawa langu.

Lisardo akakubali. Ila kwa sharti. Siku nitakayoona mabawa yamekamilika na weupe haujapita jicho, nisimpigie simu kuuliza. Nimalize.

Wakati wa kuondoka aliangalia mabega yangu akauliza hii sare ni ya wapi. Baldomero akadakia:

"Huyu naye anabadilisha manyoya, Daktari. Tumpe muda."

Lisardo hakujua acheke au la. Mimi nilifunga geti.

Jumapili, 21 Agosti

Misa ya nusu mwaka ya Eulogio. Watu walinitazama usoni kuona kama nitalia. Mke wa mwokaji mikate akaniambia nina moyo wa nguvu. Nyuma yangu mwingine alinong'ona nina moyo wa jiwe, akadhani sisikii. Sikuona tofauti.

Alhamisi, 25 Agosti

Lisardo ametuma wavu kwa basi. Tujaribu kumkamata, damu yake ipelekwe maabara, tuache kubahatisha. Wazo zuri.

Tuliutega kwenye uchochoro wa matete. Mimi kwenye mashua, nikimsukuma polepole kwenda kule. Alikwenda vizuri, kama kuku anayeingia bandani. Hatua chache kabla ya wavu akazama. Tukangoja. Akaibuka nyuma ya mashua yangu, karibu ningeweza kumgusa kwa kasia, akanitazama. Tukarudia. Akarudia. Mara ya mwisho Baldomero alitaka kumkatia njia, akazama kwenye tope mpaka kiunoni. Buti moja limebaki huko, la ziwa sasa.

Alicheka mpaka akakohoa. Niliona kwamba inachekesha. Niliiona tu, kama unavyoona mvua ikinyesha kwenye kilima cha watu wengine.

"Shemeji," akasema akijipangusa, "Eulogio angeona hii angekufa kwa kicheko." Akasikia alichosema. Akashika kichwa kwa mikono yenye tope.

"Angekufa, ndiyo," nikamwambia. "Twende ukaoge."

Nimeokota manyoya ya bawa yaliyokuwa yanaelea ukingoni. Mafupi, magumu, ya kijivu cha majivu. Nimeyaweka kwenye glasi dirishani jikoni. Mama mkwe aliuliza ya nani. Nikasema ya bata mmoja ambaye hatumjui. Akayapangusa vumbi, akayarudisha.

Jumanne, 30 Agosti

Weupe shavuni! Vidoa vidogo, manyoya bado yamo kwenye ala zake, kama vijiti. Anaonekana kama aliyemwagikiwa chokaa.

Baldomero ameweka dau la kahawa: ni wetu. Nikamkumbusha hata Mmarekani ana shavu jeupe. Tusubiri juu ya jicho.

"Wewe shemeji," akasema, "hata habari njema ikija mlangoni unaiuliza kitambulisho."

Eulogio naye alikuwa akisema kitu cha namna hiyo. Nilijaribu kukumbuka maneno yenyewe. Hayakuja.

Jumamosi, 3 Septemba

Mama mkwe ameona mabega ya sare. Kufua kwingi, jua jingi — nyeusi inatoka na kijani inachungulia. Alishika kitambaa kati ya vidole akakisugua, kama anayepima unga.

"Hii imechujuka, mwanangu. Watu watasema."

"Watasema nini, Mama?"

"Kwamba umemaliza kabla ya siku. Na mimi nimo humu humu ndani, nakutazama tu."

Akatoa pakiti za rangi kwenye mfuko wa aproni. Ameshanunua. Nikamwambia afanye atakavyo, ila aniachie jozi moja kavu ya kwendea kazini. Aliniangalia kwa muda. Nadhani alitaka nikatae, au nikubali kwa namna nyingine. Sijui. Akazirudisha mfukoni.

Yeye mwenyewe sijawahi kumwona na rangi nyingine. Alianza kwa ajili ya baba yake, na kabla miaka ya msiba wa baba haijaisha akafa kaka, kisha mume, kisha dada, na sasa mtoto. Kila alipokaribia kuingia kwenye kijivu, rangi ya kumalizia msiba, mtu alimwahi kwa kufa. Picha ya harusi yake anayo sandukuni, na hata pale yupo kwa nyeusi.

Chakula: salmorejo, ile supu baridi ya nyanya na mkate, yai, ham kidogo. Alinipasulia yai kama mtoto.

Jumatano, 7 Septemba

Weupe umefika chini ya jicho na umesimama.

Nimeangalia asubuhi, nimeangalia mchana, nimeangalia jua likiwa upande mwingine. Mstari mnyoofu. Shavu jeupe, kofia nyeusi. Hivyo hivyo ndivyo Mmarekani alivyo kwenye picha ya Lisardo ukutani kibandani. Mdomo bado nusu. Mkia majini.

Baldomero amekunywa kahawa yake mwenyewe.

Nilimpigia Lisardo. Nikasikia anavuta moshi. Nikauliza, na kama ni wetu ila amechelewa? Akasema inawezekana, wapo wanaochelewa. Nikauliza wanachelewa kiasi gani. Akasema, "Kiasi cha kumtia mtu kichaa, Bi Sagrario." Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka bata afe. Afadhali angekuwa anataka, ningekuwa na wa kubishana naye.

Jumapili, 11 Septemba

Hakuna jipya. Mkate na nyanya.

Jumanne, 13 Septemba

Amepiga mabawa. Alisimama juu ya maji, kifua nje, akayapiga kwa muda kisha akakaa. Hajaruka, lakini manyoya yapo, marefu, yamepangana. Weupe palepale chini ya jicho.

Nilitimiza sharti, sikupiga simu kuuliza. Nilipiga kuarifu. Lisardo akasema basi Ijumaa, atakuja mwenyewe kuuchukua mwili. Nikamwuliza kama angependa kupiga yeye. Akasema hajawahi kushika bunduki maishani.

Nimekaa nikiyafikiria haya vizuri. Nikimwacha na ni chotara, kazi ya miaka yote ya watu hawa inaruka mbele ya macho yangu kwa sababu nilisema neno moja bila sababu. Nikimpiga na ni wetu, nimeua kijana ambaye kosa lake ni kuchelewa kuvaa. Mtu mwingine angekosa usingizi. Mimi nimelala vizuri tu. Hapo ndipo penye tatizo. Naweza kumweka kwenye shabaha, nikavuta, nikarudi nyumbani nikala. Mkono hautatikisika. Mkono wa namna hiyo ningeuogopa ungekuwa wa mtu mwingine. Kwa kuwa ni wangu, hata kuuogopa siwezi.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimesafisha bunduki mezani jikoni kabla ya chakula. Mama mkwe alikuwa anachambua dengu upande wa pili. Nilipomaliza mtutu akainua kichwa.

"Ni yule wa kwenye glasi?" akauliza. Maana yake manyoya.

"Ndiye."

"Ameharibu nini? Amekula samaki wa watu?"

"Hapana, Mama. Huenda baba yake ni mgeni."

"Huenda."

"Usoni haeleweki. Tulimpa muda hajaeleweka."

Akatoa kijiwe kwenye dengu akakiweka pembeni. "Eulogio alizaliwa na nywele nyekundu," akasema. "Nyekundu kama kutu. Mama mkwe wangu mimi hakunisemesha mpaka mtoto alipoanza kutembea. Halafu nywele zikaanguka zikaota hizi nyeusi ulizozijua wewe, na yule mama akaniletea sungura wawili. Sungura wawili! Kama vile mimi ndiye niliyezibadilisha."

Sikuwahi kuisikia hadithi hii. Miaka yote ile ndani ya nyumba moja. Nilitaka kuuliza zilianguka lini, zote kwa mara moja au kidogo kidogo. Nikawa naziona. Mtoto mchanga mwenye nywele za kutu. Kitu kikanigonga hapa chini ya koo, kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akaondoka.

"Na ukikosea?" akauliza.

"Nitakuwa nimeua mtoto wetu."

Nilimaanisha bata. Aliinuka akaenda uani. Nilisikia sufuria kubwa ikiburutwa kwenye saruji, kisha maji. Sawa. Anaichovya sare upya, ameona kesho Daktari anakuja na watu watatazama. Harufu ya moto wa kuni imeingia mpaka huku ninapoandika. Sina nguvu ya kwenda kumzuia, na sijui kama nataka.

Ijumaa, 16 Septemba

Naandika kibandani. Bunduki iko magotini, daftari juu yake. Mwandiko utasamehewa.

Asubuhi sare ilikuwa kwenye kamba, bado inachuruzika. Si nyeusi. Si kijani pia. Mabaka. Mkono mmoja umerudi kijani kabisa, mwingine mweusi, mgongo kama ramani. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na sufuria iliyopoa, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Si rangi aliyotia. Ni magadi na sabuni kali. Ameichemsha, ameisugua, ameichemsha tena.

"Nilitaka irudi yote," akasema. "Haikutoka yote."

Nikamwambia watu watasema.

"Waseme. Mimi nimevaa hii tangu ningali na meno yote. Wewe usivae kwa ajili yangu." Kisha akaongeza, kwa hasira kidogo, "Na mfukoni uliacha risasi. Nimezitoa. Zipo kwenye glasi."

Nilivaa ikiwa mbichi. Baldomero alinikuta getini. Akanishika bega, lile la kijani, akaniacha nipite. Risasi nimezichukua, zipo.

Mgane yuko mbele yangu, mahali pa wazi, pazuri kabisa kwa kupiga. Amelala huku kichwa kikiwa mgongoni. Hakuna upepo.

Baadaye kidogo. Ameamka. Amepiga mabawa mara mbili na ya pili ilimtoa majini, akakimbia juu ya maji na kutua tena. Leo au kesho anaondoka.

Juu ya jicho la kushoto naona kitu. Kimoja, labda viwili. Vyeupe. Au tone la maji. Jua liko vibaya, linapiga maji na kunirudia usoni. Akigeuka havipo. Akigeuka tena vipo. Ni kitu kidogo kuliko chembe ya mchele na siwezi kuapa.

Vumbi barabarani. Landrova ya Lisardo.

Niliinua bunduki. Nilimweka kwenye shabaha, na mtutu ukawa unacheza. Nikadhani ni boti inapita, nikadhani ni kibanda. Ni mkono. Mkono wangu unatetemeka. Nimeushusha nikautazama. Unatetemeka wote mpaka begani na siwezi kuuzuia, na ninamwona Eulogio amekaa kwenye ngazi ya mlango anavua buti, nywele zimemwangukia usoni, anasema wewe bibi, hata habari njema ikija mlangoni — maneno yale yale. Ndiyo yenyewe. Baldomero aliyapata kwake.

Nalia. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Redio. Baldomero: "Shemeji, Daktari yupo getini. Anauliza tayari?"

Anauliza tena. Mgane amesogea karibu. Amenipa mgongo na anainua mkia, mara ya kwanza tangu aje, anauinua wima kabisa. Nimeshika darubini. Sioni kama pale chini ni mweupe au kahawia. Vioo vimejaa ukungu wa macho yangu mwenyewe. Nafuta kwa mkono wa shati, na shati bichi linaacha doa jeusi kwenye kioo. Nafuta tena.